Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Mfalme Lear na Nadharia ya Mawasiliano ya Familia

Toleo lililopita la safu hii lilieleza nadharia ya mifumo ya mawasiliano ya familia, na barua zilizofuata zimeturudisha, karibu zote, kwenye familia moja ambayo haijapata kuishi popote isipokuwa jukwaani: ile ya Mfalme Lear wa Uingereza ya kale, katika tamthilia ambayo William Shakespeare aliiandika takribani mwaka 1605 au 1606. Kwa ambaye toleo lile lilimpita, nadharia hii ilichipuka katika kazi za Jack McLeod na Steven Chaffee, waliotaka kujua jinsi watu wa nyumba moja wanavyopokea habari kutoka nje na kukubaliana juu ya maana yake. Mwaka 1990 David Ritchie na Mary Anne Fitzpatrick waliifanyia marekebisho, na baadaye Ascan Koerner akaiendeleza pamoja na Fitzpatrick. Inaitazama familia kwa mielekeo miwili. Mwelekeo wa mazungumzo ni kiasi cha uhuru walio nao wanafamilia wa kusemezana juu ya jambo lolote. Mwelekeo wa ufuasi ni kiasi wanachotakiwa kufanana kwa imani na kumtii aliye juu. Familia yenye mielekeo yote miwili kwa wingi huitwa ya maafikiano. Yenye mazungumzo mengi na ufuasi mdogo, ya mawazo huria. Yenye ufuasi mwingi na mazungumzo machache, ya ulinzi. Na ile iliyopungukiwa na yote mawili ni ya kila mtu na lake.

SWALI: Mhariri, tumepewa kazi ya darasani ya kuiweka familia ya Lear katika mojawapo ya makundi manne. Mimi nimeandika kuwa ni ya ulinzi, kwa kuwa baba anaamuru na watoto wanatii. Mwenzangu anashikilia kuwa ni ya maafikiano, akisema kwamba mfalme aliwaita mabinti zake wote watatu waseme mbele ya baraza kabla hajagawa nchi, na kwamba baba dikteta asingejisumbua kuwasikiliza. Yupi kati yetu amekosea?

JIBU: Wewe umefika mahali panapostahili, ila kwa njia fupi mno, na mwenzako amedanganywa na kelele. Wingi wa maneno katika nyumba haupimi mwelekeo wa mazungumzo. Kinachoupima ni kama maneno hayo yana uwezo wa kubadili jambo lolote. Hebu lisomeni tena onyesho la kwanza taratibu. Kabla mfalme hajaingia, Kent na Gloucester, walodi wawili wa mfalme, wanazungumza juu ya mgawanyo wa nchi, na tunaambiwa kwamba mafungu ya wakwe wawili, Albany na Cornwall, yamekwisha kupimwa yakalingana kiasi kwamba hakuna wa kumwonea mwenzake wivu. Kisha Lear anaingia, anaagiza ramani, na kuwataka mabinti washindane kutamka nani anampenda zaidi ili aliyeshinda apate pakubwa. Goneril, binti mkubwa, anasema, na papo hapo anakabidhiwa fungu lake, ingawa wadogo zake hawajafungua kinywa. Regan anasema, naye anapewa lake. Theluthi iliyobaki, ambayo Lear mwenyewe anaiita nono kuliko za wengine, inamngoja Cordelia, binti mdogo, tangu mwanzo. Haya si mashindano hata kidogo, kwa kuwa tuzo zimekwisha kugawanywa. Ni sherehe, na maneno ya mabinti ni mapambo yake. Katika familia ya maafikiano wazazi huhifadhi uamuzi mikononi mwao, lakini huwasikiliza watoto kwa dhati na kuwaeleza sababu. Hapa hakuna neno la binti lililoweza kuongeza chochote. Liliweza kuharibu tu.

Hata hivyo, msikimbilie kubandika jina la kundi kwa kulitegemea onyesho moja, maana nadharia hii inahusu mazoea ya miaka mingi, wakati tamthilia inatufungulia mlango siku ambayo nyumba inaanza kuungua. Ushahidi wa mazoea inabidi kuutafuta kwenye pembe. Mimi nauona mwishoni mwa onyesho hilohilo, baraza likiwa limetawanyika na Goneril na Regan wamebaki peke yao. Wanakumbushana kwamba baba alimpenda mdogo wao kuliko wote, kwamba uzee umezidisha pupa aliyokuwa nayo hata katika miaka yake bora, na kwamba siku zote alijijua nafsi yake kwa uchache sana. Tafakari: wanawake wawili waliokwisha kuolewa wanamfahamu baba yao kwa undani kiasi hicho, na kwa jinsi wanavyonong'ona inaelekea hakuna aliyewahi kumwambia hata nusu yake. Hapo ndipo penye hoja yako ya ulinzi, ndugu mwanafunzi, kuliko katika amri za mfalme.

Pili, tazameni jinsi mfumo unavyorithiwa. Baada ya kuachia nchi, Lear alijibakizia askari farasi 100 na haki ya kukaa mwezi mmoja mmoja kwa mabinti wawili. Goneril anampunguzia 50. Lear anakimbilia kwa Regan, ambaye anasema hatapokea zaidi ya 25, na hapo mzee anamgeukia Goneril na kumwambia kwamba atakwenda naye, kwa kuwa 50 ni mara mbili ya 25 na hivyo upendo wake ni mara mbili ya ule wa mdogo wake. Ndipo mabinti wanapoteremsha bei kwa zamu: kwa nini 25, kwa nini 10, kwa nini watano, na Regan anamalizia kwa kuuliza hata mmoja ni wa nini. Watazamaji wengi huona ukatili pale, nao upo. Lakini mimi huona pia wanafunzi wawili wanaomrudishia mwalimu hesabu aliyowafundisha, kwamba upendo hupimwa kwa namba na mwenye mali ndiye anayeshika mizani. Mizani imebadili mikono tu.

Mkitaka insha yenu isimame, chukueni ile hojaji iliyotokana na marekebisho ya 1990, yenye vipengele 26, ambapo 15 vinapima mazungumzo na 11 vinapima ufuasi, mkaijaze mara tatu, kila mara kwa niaba ya binti mmoja, na kila jibu lishikizwe kwenye mstari wa tamthilia. Mtagundua kwamba mabinti watatu hawakulelewa, kwa hisia zao, katika nyumba moja. Hilo si dosari ya zoezi. Hata familia zilizo hai, mzazi na mtoto wakijaza hojaji kila mmoja kivyake, majibu yao mara nyingi hayaoani.

SWALI: Mimi ni mzazi, na nakiri kwamba sijawahi kumhurumia Cordelia kama wanavyomhurumia wengine. Baba mzee anaomba maneno matamu machache, na binti anamjibu "hakuna" mbele ya wageni. Ingemgharimu nini? Je, wataalamu wa mawasiliano hawaoni kwamba kosa la kwanza ni lake?

JIBU: Mzazi wetu, shitaka lako lina uzito kuliko wanavyokubali mashabiki wa Cordelia, na tutalirudia. Kwanza tumtendee haki, kwa sababu "hakuna" haikuwa jibu lake lote. Alipobanwa aeleze, alisema kwamba anampenda baba yake kadiri ya wajibu unaomfunga kwake, si zaidi wala pungufu. Kwamba baba alimzaa, akamlea, akampenda, na yeye anarudisha deni hilo kwa kumtii, kumpenda na kumheshimu. Na kwamba siku akiolewa, mume atachukua nusu ya upendo huo, kwa hiyo anashangaa dada zake wameolewa kwa lipi ikiwa wanampenda baba peke yake. Hiyo ni lugha ya binti mwenye ufuasi kamili. Utii anaukubali kwa kinywa chake. Anachokataa ni kuunadi.

Mwaka 1967 Paul Watzlawick, Janet Beavin na Don Jackson walieleza kwamba kila ujumbe una ngazi mbili, ya habari inayosemwa na ya uhusiano kati ya wanaosemezana. Lear aliuliza swali la habari, yaani kiasi gani cha upendo, huku akitamani jibu la uhusiano: niambie kwamba nikivua taji bado mimi ni baba. Cordelia alijibu ngazi ya habari kwa usahihi wa karani, akaiacha ile ya uhusiano ikiwa tupu. Hapo ndipo ninapokubaliana nawe. "Si zaidi wala pungufu", na "nusu" ya mume, ni maneno ya mtu anayekataa mnada kwa lugha ya mnada, na kwa hilo yeye naye ni binti wa Lear.

Lakini kumwambia kwamba maneno machache yasingemgharimu kitu ni kuusahau mtego aliowekewa. Gregory Bateson na wenzake walieleza mwaka 1956 hali waliyoiona kuwa mtego wa pande mbili: uhusiano ni wa lazima, amri zinazotolewa zinapingana, na anayeamriwa hana ruhusa ya kuondoka wala ya kuonyesha kwamba zinapingana. Kikundi kile kilitaka kueleza ugonjwa wa skizofrenia kwa njia hiyo, na dai hilo halikuthibitishwa na utafiti, kwa hiyo tulitumie wazo lenyewe kwa hali tu, tusiligeuze uchunguzi wa wagonjwa. Lear anaagiza: sema kwa hiari yako maneno ambayo nimekwisha kuyawekea bei. Cordelia akisema, ameuza, akinyamaza, amechukia. Na anayejaribu kuonyesha kwamba agizo lenyewe lina kasoro, yaani Kent, anafukuzwa nchini, akipewa siku tano za kujiandaa na kutakiwa awe ameipa nchi mgongo siku ya sita. Katika nyumba ile, kuzungumzia mazungumzo yenyewe ndiyo hatia kubwa. Mchekeshaji wa mfalme peke yake ndiye anayeruhusiwa, kwa kuwa anayafunika kwa mzaha, na hata yeye hutishiwa kiboko.

Mtego unafunguliwa na mtu wa nje. Mkuu wa Burgundy, mmoja wa wachumba wawili wa Cordelia, anamkataa binti aliyenyimwa na baba yake fungu la kwenda nalo kwa mumewe. Mfalme wa Ufaransa anamchukua mikono mitupu.

SWALI: Katika tamthilia hiyohiyo kuna lodi Gloucester na wanawe wawili, Edgar wa ndani ya ndoa na Edmund wa nje. Edmund anaghushi barua moja tu, na baba anamwinda mwanawe mkubwa kama mnyama. Siamini kwamba mzazi anaweza kudanganyika upesi hivyo. Je, Shakespeare alikuwa na haraka?

JIBU: Nami nilidhani hivyo zamani, mpaka nilipoacha kuitazama barua na kuanza kuitazama nyumba iliyoipokea. Mistari ya mwanzo kabisa ya tamthilia inamwonyesha Gloucester akimtambulisha Edmund kwa Kent kwa kufanyia utani mimba yake na uzuri wa mama yake, Edmund mwenyewe akiwa amesimama pale. Tunaelezwa kwamba kijana amekuwa mbali miaka tisa na kwamba ataondoka tena. Katika mazungumzo yote hayo Edmund anatoa vijisentensi vitatu vya adabu, hakuna zaidi. Baba yule si mkali. Hana amri wala masharti, na hiyo ndiyo sababu nyumba yake siiweki pamoja na ya Lear. Ni nyumba ya kila mtu na lake, ambamo mtoto huzungumziwa bila kuzungumzwa naye, na nyumba ya namna hiyo haina kinga dhidi ya maneno yatokayo kando, kwa sababu hakuna mazoea ya kuulizana ambayo uongo ungegongana nayo.

Sasa itazame barua. Gloucester anamkuta Edmund akiificha karatasi kwa pupa ya makusudi na kumuuliza alikuwa akisoma nini. Edmund anajibu: "Hakuna, bwana wangu." Katika Kiingereza cha Shakespeare hayo ni maneno yaleyale mawili matatu ambayo Cordelia alimjibu baba yake. Lake lilikuwa kweli, likasikika kama chuki. La Edmund ni uongo uliotengenezwa ili usiaminiwe, na linafanya kazi yake sawasawa. Gloucester anasema kwamba ikiwa hakuna kitu basi hatahitaji miwani, naye ni mtu ambaye atang'olewa macho kabla tamthilia haijamalizika.

Baada ya hapo kazi inafanywa na kile ambacho Murray Bowen, aliyeitazama familia kama mfumo mmoja, alikiita pembetatu: watu wawili wenye wasiwasi kati yao humvuta wa tatu badala ya kukabiliana. Gloucester anamuuliza Edmund kama mwandiko ni wa Edgar. Edgar anaambiwa na Edmund kwamba baba amekasirika, naye anaamini. Hakuna anayekwenda kumuuliza mwenzake, na Gloucester anaona ni rahisi zaidi kuzilaumu kupatwa kwa jua na kwa mwezi kuliko kuvuka ukumbi hadi kwa mwanawe. Edmund hakuhitaji kuwa hodari sana.

Kuna jambo moja wasomaji hulipita. Edgar, akiwa amejifanya mwendawazimu, anamwongoza baba yake kipofu kuelekea Dover, na amekwisha kumsikia akisema kwamba angeweza tu kumgusa mwanawe, angesema amerudishiwa macho. Edgar ananyamaza. Nadharia ya usimamizi wa faragha ya Sandra Petronio inatueleza kwamba mtu huiona habari inayomhusu kama mali yake na kuiwekea mipaka, na mwanzoni mpaka wa Edgar ulikuwa wa kuokoa maisha yake. Lakini hatari kutoka kwa baba ilikuwa imekwisha, na bado akaendelea, hadi alipokuwa amekwisha kuvaa silaha za pambano lake na Edmund. Mwenyewe anakuja kuliita kosa. Moyo wa mzee, ulionaswa kati ya furaha na huzuni, ulipasuka. Sijui neno la kiufundi la kuchelewa huko. Naona ni mtoto wa nyumba ile, ambaye hakufundishwa kuanza.

SWALI: Nafundisha fasihi, na wanafunzi wangu huniuliza kama kuna mahali popote katika tamthilia hii ambapo familia inawasiliana vizuri. Huwaonyesha pale Lear anapoamka mbele ya Cordelia. Je, ni sawa kusema kwamba hapo mfumo wa familia umebadilika?

JIBU: Onyesho ulilolichagua ndilo, Mwalimu, ingawa neno "umebadilika" ningelishika kwa tahadhari. Lear, ambaye alikuwa amerukwa na akili, anaamka akiwa amevishwa nguo safi, hajui yuko wapi. Cordelia anaomba amwekee mkono wa baraka, naye anataka kupiga magoti, jambo ambalo binti analizuia. Kisha mfalme aliyekuwa akijua kila kitu anaanza kusema asichokijua: kwamba ni mzee aliyepita miaka 80, "si saa moja zaidi wala pungufu", kwamba anahofu akili yake haijatimia, na kwamba anadhani bibi huyu ni mwanawe Cordelia, wasimcheke. Kipimo kile cha "si zaidi wala pungufu" kilitoka kwanza kinywani mwa binti, kikamghadhibisha. Sasa baba anakitumia kujieleza.

Binti naye amevuka kuja upande wa pili. Lear anamwambia kwamba dada zake walimtesa bila sababu, lakini yeye anayo sababu ya kumchukia. Cordelia anajibu kwamba hakuna sababu, hakuna. Kwa ngazi ya habari huo ni uongo mtupu, kwani sababu anayo na baraza zima lilishuhudia. Kwa ngazi ya uhusiano ndilo jibu lililokosekana siku ya ramani, na safari hii "hakuna" inatoa kila kitu.

Lakini endelea kusoma hadi wanapotekwa. Cordelia anauliza kama hawatawaona mabinti wale na dada wale, yaani anapendekeza wazungumze. Lear anakataa mara nne mfululizo na kuanza kusimulia jinsi wawili hao watakavyoimba gerezani kama ndege tunduni, yeye akipiga magoti kumwomba msamaha kila atakapoomba baraka. Ni maneno mazuri kuliko yote aliyopata kusema, na ndani yake amekwisha kuamua kwa niaba ya wote wawili. Swali lile ni kauli ya mwisho ya Cordelia katika tamthilia. Baada yake tunamjua kwa machozi ambayo baba anamwambia ayafute. Wanafunzi wako waulize kama huo ni mfumo mpya au ule wa zamani uliovikwa upole. Mimi naelekea kwenye jibu la pili.

SWALI: Vitabu viwili nilivyoazima vya Mfalme Lear havilingani. Cha kwanza kina maneno ambayo cha pili hakina. Nitumie kipi katika uchambuzi wa mazungumzo ya familia?

JIBU: Tamthilia hii ilichapishwa kwa sura mbili za zamani, moja mwaka 1608 na nyingine katika mkusanyo mkubwa wa 1623. Ile ya 1608 ina takribani mistari 300 isiyomo katika ya 1623, ikiwemo kesi ya mzaha ambamo Lear, akili ikiwa imemruka, anawashitaki mabinti zake wasiokuwepo. Ya 1623 nayo ina takribani mistari 100 ya kwake peke yake. Wahariri wengi wa baadaye walizichanganya, na hiyo huenda ndiyo sababu ya tofauti uliyoiona. (Ukikutana na sura ambayo Cordelia anapona na kuolewa na Edgar, hiyo si ya Shakespeare, ni ya Nahum Tate, ya mwaka 1681.) Kwa anayechunguza mazungumzo tofauti hizi si ndogo: kauli ya kufunga, inayotaka watu waseme wanachohisi badala ya wanachopaswa kusema, mwaka 1608 ni ya Albany, ambaye ni mkwe wa nyumba ya Lear, na mwaka 1623 ni ya Edgar, ambaye alificha alichohisi hadi baba akafa. Taja chapa yako katika ukurasa wa kwanza. Nami naungama kwamba ile "saa moja zaidi wala pungufu" niliyomjengea Mwalimu hoja hapo juu imo katika chapa ya 1623 pekee. Kama kitabu anachofundishia kinafuata ile ya 1608, nusu ya jibu langu haina pa kusimama.